Samaki wa Shule na Stima ya Riruta

Mimi nilizaliwa kwa watu wasiokula samaki. Mama yangu alikuwa akisema samaki ni nyoka aliyeamua kuogelea, na hata harufu yake hakutaka iingie jikoni mwake. Kwa hivyo kama ungenijia nikiwa msichana ukaniambia kwamba nikizeeka nitapiga magoti sebuleni kwangu Riruta, pua kwenye kioo, nikiangalia kama samaki bado anapumua, ningekuambia uende ukalale, jua limekupiga.

Lakini nilipiga magoti. Na hawakuwa hata samaki wangu.

Walikuwa wa shule. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu ambaye ni muuguzi huko Nyeri, alikuwa akikaa kwangu ili asome Nairobi. Alipozaliwa alipewa jina langu, kwa hivyo sisi wawili hatuitani shosho na mjukuu, tunaitana wajina. Huyo wajina wangu ana kichwa. Sisemi hivyo kwa sababu ni wangu. Kuna wengine ambao ni wangu pia na nimesema wazi kwamba vichwa vyao ni vya kuvalia kofia. Huyu alifanya mtihani wa kuingia shule moja upande wa Loresho, shule ya watoto wanaoletwa na dereva, akapita, akachukuliwa. Mimi niliishia darasa la tatu. Siku alipovaa sweta ya shule ile nilimzungusha ploti nzima, mlango kwa mlango, mpaka wapangaji wangu wakaanza kujifanya hawako.

Sasa, shule kumchukua mtoto ni jambo moja, na watoto wenzake kumchukua ni jambo lingine. Muhula wote wa kwanza hakualikwa sherehe ya mtu yeyote. Akirudi jioni namuuliza, "Wajina, leo umecheza na nani?" Ananijibu, "Nimeangalia samaki." Darasani mwao kulikuwa na tangi la kioo lenye samaki wa rangi ya chungwa, na mmoja mweusi mwenye macho ya kutokeza kama mtu aliyesikia umbea. Wenzake wakikimbia uwanjani, yeye anabaki hapo akiongea na hao.

Siku ya kufunga shule, mwezi wa nne, wazazi tuliitwa. Mwalimu wa darasa, mama mwembamba mwenye sauti ya kanisani, akatuambia mafundi watapaka darasa rangi likizo, kwa hivyo samaki wanatafutiwa nyumba. Nani atawachukua? Huyu anaenda Mombasa, yule anaenda ng'ambo, mwingine ana paka. Mwalimu akaongeza kwamba mtoto atakayewatunza vizuri ndiye atakuwa msimamizi wa samaki mwaka mzima. Ndiye atawalisha, na kila wiki ndiye atachagua mwenzake wa kumsaidia.

Nikasikia sweta ikisuguana kando yangu. Mkono wa wajina wangu ulikuwa juu.

Mbele yetu alikaa mama mmoja aliyekuwa amevalisha nywele zake miwani ya jua, ndani ya nyumba. Akageuka kidogo, akamwambia mwalimu, si kwa ubaya, kwa huruma, ambayo huwa inauma zaidi: "Lakini huyu si anatoka Riruta? Na hii mvua? Stima ya kule si hupotea wingu likikohoa tu? Hao samaki watakufa."

Wajina wangu akasimama. Hakuwa amewahi kusema kitu mbele ya hao watu. Akasema, "Watarudi wote saba."

Basi mimi nikafanya nini? Nikasimama pia. "Mama," nikamwambia yule wa miwani, "Riruta tuna stima, tuna maji na tuna macho. Mwalimu, leta samaki."

Nikakaa upesi kabla hajaniuliza zaidi. Stima ya Riruta naijua mimi. Ilikuwa ikipotea hata bila wingu.

Pikapu ya shule ilileta tangi, na samaki wakaja kwenye ndoo yenye kifuniko, wajina ameipakata kama mtoto mchanga. Tukaliweka tangi juu ya meza ya sebuleni, pale ambapo runinga ilikuwa. Runinga ikaenda chini, ikatazamwa na magoti. Kulikuwa na kimashine kidogo kinachonguruma mchana kutwa, chenye mpira mwembamba ulioingia majini, na kwenye ncha ya mpira kulikuwa na jiwe lililotoa viputo. Mimi nilidhani viputo ni urembo.

Wapangaji walikuja kuona. Ploti yangu ni nyumba yangu mbele, na nyuma vyumba vya kupangisha, na habari ikifika kwenye kamba ya nguo imefika kila mahali. Wa kwanza kuingia alikuwa mama wa chumba kilicho karibu nami, mtu wa Machakos, karani katika ofisi ya serikali, mwenye roho nzuri na mdomo usiopumzika. Akalizunguka tangi mara moja kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Mama Mwenye Nyumba," akasema, "hawa utakaanga lini?"

"Nitakukaanga wewe kwanza, una mafuta zaidi."

"Na huyu mweusi mbona ananiangalia hivyo?"

"Anajua kodi yako iko wapi."

Tukacheka mpaka wajina akatuomba tutoke nje, ati tunawashtua.

Lakini usiku, huyo mtoto hakuwa akilala vizuri. Mabati yakipigwa na tone moja tu anaketi kitandani. Ananiuliza, "Wajina, stima ikienda itakuwaje?" Nikamwambia, vaa viatu kesho, tunaenda mjini kuuliza.

Kuna duka karibu na soko kubwa la mjini ambalo lilikuwa likiuza samaki wa kuangaliwa. Nilikuwa nimelipita miaka mingi nikidhani ni la watu waliochoka na pesa. Ndani lilikuwa na joto na mwanga wa buluu, na kijana mmoja mwenye simu ya mkono iliyoning'inia shingoni kwa kamba, jinsi ilivyokuwa fasheni siku hizo. Akaniona, akaona kitambaa changu cha kichwa na mkoba wangu, akafurahi.

"Karibu, shosho! Sasa! Ni tangi unataka? Niko na kubwa, niko na ndogo, niko na jenereta ya nyumba, niko na hii ngome ya kuweka chini ya maji."

"Ngome ya nini? Wana adui?"

"Ni ya kurembesha, shosho."

"Kijana, mimi sijaja kurembesha. Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Stima ikipotea, samaki anakufa na nini?"

Hapo akaacha kuuza akaanza kuongea kama mtu. Akamwinamia wajina, kwa sababu alishaona nani kati yetu ndiye mwenye samaki. "Hewa," akasema. "Hiyo mashine ya kunguruma ndiyo inapeleka hewa kwa maji. Ikizima, mwanzo wako sawa. Baadaye hewa inapungua. Utawaona wanakuja juu wote, wanafungua mdomo, wanafunga, wanafungua. Ukiona hivyo, ujue ni shida."

"Na baridi?" wajina akauliza, akimwonyesha dukani mle samaki wa chungwa kama wetu. "Tuwafunike blanketi?"

"Hawa wako ni wa maji baridi. Nairobi wako nyumbani. Usiwawekee jiko karibu, moshi wa makaa unaingia kwa maji. Hewa tu. Na usiwalishe kama stima imeenda. Hata kidogo."

Mimi hapo nikaingilia. "Yaani mgeni wa watu ako kwa shida, nyumba ni giza, halafu namnyima chakula?"

"Shosho, huyo si mgeni, huyo ni samaki. Anaweza kukaa siku kadhaa bila kula na asiseme kitu. Ukimlisha, chakula inabaki chini, inaoza, inakula ile hewa kidogo imebaki. Hapo umemmaliza wewe mwenyewe."

Akatuuzia kimashine kingine kidogo, cha kutumia betri za tochi, kikubwa kama sabuni ya kuogea. Akatuambia pia tuwe na maji yaliyokaa kwenye ndoo tangu jana yake, yaliyotokwa na dawa ya mfereji, ya kubadilishia kidogo kidogo. Nikamwambia hapo asisumbuke. Mtu wa Riruta maji yake hukaa kwenye pipa kila siku, kwa sababu mfereji nao una siku zake. Tukatoka bila ngome.

Kutoka siku hiyo wajina akawa mkuu wa majeshi. Alinunua betri kwenye kioski, akakijaribu kile kimashine, kikatoa viputo, akakizima kulinda betri. Akapunguza chakula cha samaki hata stima ikiwepo, ati mvua inaweza kuja wakati wowote na isitukute na maji machafu. Halafu Jumapili moja jioni, bila kuniambia, akapanda kiti akazima swichi kuu ya ploti nzima ili tufanye mazoezi.

Giza. Kisha, kutoka nyuma, sauti ya mama wa Machakos, ambaye Jumapili jioni hupiga pasi nguo za ofisi za wiki nzima: "Mama Mwenye Nyumba! Stima imeenda, ama umeenda nayo wewe?"

"Ni mazoezi!" wajina akapaza sauti.

"Mazoezi ya nini? Ya kuzaliwa tena?"

"Ya samaki!"

Kule nyuma watu wakaanza kutafakari kuhama. Nikairudisha swichi mwenyewe.

Kisha mvua ikaja kweli. Ilikuwa Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Mbingu upande wa Dagoretti ziligeuka rangi ya sufuria ya zamani, upepo ukaangusha nguo zote kwenye kamba, na mawe ya barafu yakaanza kupiga mabati hata ukimpigia mtu kelele sikioni hasikii. Transfoma ya kule karibu na barabara ikalia paa! kama tairi la lori, na ule mngurumo kwenye meza yangu ukanyamaza. Sikujua nilikuwa nimeuzoea kiasi hicho mpaka ulipokoma.

Wajina hakupiga hata kelele. Akachukua kimashine cha betri, akautumbukiza mpira wake majini, akabonyeza. Viputo vikaanza. Akaniangalia, nami nikamwangalia, na ninakwambia kama yule mama wa miwani angekuwepo ningempa kiti cha mbele.

Usiku ukapita hivyo. Asubuhi stima haikuwa imerudi. Mtu alikuwa amesikia kwamba transfoma imeungua yote na inangoja nyingine, na mwingine alikuwa amesikia kwamba Jumapili hakuna mtu wa kuileta. Viputo vilikuwa bado vinatoka. Mimi na wajina tukavaa twende kanisani, kwa sababu mvua si sababu, na tukamwomba mama wa Machakos, aliyekuwa na mafua na hakuwa akienda kanisani kwake, akae na samaki. Wajina akamwambia polepole, jinsi unavyomwambia mtu mzima unayemheshimu: "Auntie, usiwape chakula, tafadhali. Hata wakiomba."

"Enda uombewe, mtoto. Mimi nimelea wanne."

Tuliporudi, hata kabla sijavua viatu, nilijua kuna jambo. Sebule yangu ilikuwa na watu kama nyumba yenye msiba. Wapangaji karibu wote walikuwa hapo, wamesimama, sauti zimeshushwa. Kwetu jirani akiwa na mgonjwa, watu huenda kumwona. Na kwenda kumwona mgonjwa ukiwa na mikono mitupu ni kukosa adabu. Basi hao watu wema wangu walikuwa wamekuja kuwaona samaki. Na walikuwa wamebeba kitu.

Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya uji mwembamba. Kimashine cha betri kilikuwa kikitoa kiputo kimoja, kinangoja, kinatoa kingine. Betri za kioski, ambazo baadaye tuligundua zilikuwa za uongo kutoka kwa kiwanda cha waongo. Chini kwenye mawe kulikuwa na mkate. Kulikuwa na ugali. Kulikuwa na kipande cha chapati, kimefura kama sifongo. Na samaki wote saba walikuwa juu, midomo nje, wakifungua na kufunga, wakifungua na kufunga.

"Wana njaa kweli, maskini," mama wa Machakos akasema, machozi yakimlengalenga, sijui ya mafua au ya huruma. "Tangu mlipotoka wanaomba tu. Tumewapa na bado wanaomba. Huyu mweusi nimempa chapati yangu mwenyewe, ya asubuhi, ya siagi."

Sikuweza kumkasirikia. Nani angejua? Kiumbe anakuangalia machoni akifungua mdomo, na wewe umelelewa kumpa anayefungua mdomo. Hata mimi, kama nisingesikia kwa yule kijana wa mjini, ningesonga ugali mwingine.

Lakini wajina alikuwa ameshusha mikono tu. "Nilisema wote saba," akasema. Si kwa mtu. Kisha akaanza kulia, kile kilio cha kimya, ambacho unamwona mtoto mabega tu yakitikisika.

Tukafanya tuliyojua. Nikaingiza mkono mpaka kwapani nikatoa chapati na ndugu zake. Tukachota maji machafu kidogo kwa kidogo tukaweka ya pipa. Mtu akatumwa kutafuta betri nyingine, akarudi na kusema vioski vyote karibu vimefungwa kwa ajili ya kanisa. Maji yakawa meupe kiasi, lakini samaki hawakushuka. Yule mweusi alikuwa ameanza kulala upande.

Mimi mtoto akilia najua kitu kimoja tu. Nikaenda jikoni nikawasha jiko, nikapika chai ya maziwa, nikamimina kwenye kikombe cha bati, na kwa kuwa ilikuwa ya moto nikachukua cha pili nikaanza kuipoza jinsi nilivyompozea alipokuwa hajaota meno: unainua kikombe juu ya kichwa, unamimina kutoka juu mpaka kwa kile cha chini, unabadilisha, unamimina tena, mpaka povu linapanda. Niliwapozea watoto wangu wote hivyo. Nina mkono wa kupoza chai ambao haumwagi hata tone, na kanisani kwetu ukiuliza watakuambia.

Nikaja sebuleni nikimimina. Wajina akainua uso, akaangalia kikombe. Akaacha kulia katikati ya pumzi.

"Wajina, hiyo ni nini?"

"Ni chai. Kunywa."

"Hapana, hiyo nyeupe ya juu."

"Ni povu. Kwani hujawahi kuona povu?"

"Povu ni hewa!" Alisimama hata akagonga meza. "Maji yakianguka kutoka juu yanabeba hewa! Wajina, poza samaki!"

Watu wakanitazama kuona kama nitacheka. Sikucheka. Nikampa chai yake, nikachukua vikombe vingine visivyo na sabuni, nikasimama mbele ya tangi kama mtu anayehubiri. Nikachota, nikainua mpaka mkono ukanyooka, nikamimina. Maji yakaingia tangini yakichemka kwa viputo vidogo vyeupe. Nikachota tena. Tena. Kitambaa kikaniteleza kichwani, hakuna aliyethubutu kusema.

Mkono wa mtu mzima una mwisho wake. Wangu ulipoanza kushuka, mama wa Machakos akaninyang'anya vikombe. "Kaa chini. Chapati ilikuwa yangu." Akapanda kigoda, akamimina kutoka juu kama mvua ya kwao inayokuja mara moja kwa mwaka.

"Si juu hivyo, utatoboa samaki!" wapangaji wengine wakaanza.

"Mwache, anafanya toba."

"Sogea, mimi nimewahi kuuza maziwa, huo si mkono."

"Ulikuwa ukiuza maji yenye maziwa kidogo, tunakukumbuka."

Wakapokezana hivyo mchana wote, mmoja akichoka mwingine anaingia, na nje mvua imerudi polepole, na mimi napika chai ya wamiminaji, na wajina anatembea katikati yao akitoa amri: polepole, usimwagie mweusi, mmoja asimame upande ule. Watu wazima, makarani na mafundi, wakimtii mtoto mwenye soksi zilizoloa. Samaki mmoja akashuka. Akaenda mpaka chini kwenye mawe, akageuka. Kisha mwingine. Tulipiga makofi kila mmoja aliposhuka, kama watu wanaoangalia mpira.

Jioni, kabla giza halijaingia sawasawa, tulisikia sauti ikitoka mbali, upande wa barabara, ikija nyumba kwa nyumba, ploti kwa ploti, ile sauti ya Riruta nzima: "Imerudiii!" Taa ikawaka. Mashine ikanguruma. Mama wa Machakos akashuka kwenye kigoda, akakaa chini sakafuni na vikombe vyake, akasema mkono huo Jumatatu hautaandika barua ya serikali hata moja.

Samaki sita walikuwa wakiogelea. Mweusi alikuwa bado juu, upande. Asubuhi alikuwa amekufa.

Tulimzika karibu na mti wa parachichi, na hapo ndipo mama wa Machakos, aliyekuja na maua ya kuchuma kwenye ua wa jirani, akanivuta kando. "Sasa sikiliza. Kule mjini hawako wengine wa macho hivyo? Mnunue mmoja. Samaki hana kitambulisho. Nani atajua?"

Nitasema ukweli, mkoba wangu ulikuwa tayari mkononi. Nilikuwa namuona yule mama wa miwani akihesabu kwa kidole.

Wajina akatusikia. Alikuwa na udongo kwenye magoti. "Hapana," akasema. "Mimi nilisema wale saba. Sikusema saba wengine."

Mkoba nikaurudisha.

Stima ilipotea tena mara kadhaa likizo hiyo, kwa mvua na bila mvua, lakini sasa tulikuwa watu wa kazi hiyo. Betri nzuri tulizitoa mjini kwa yule kijana. Vikombe viwili vilikaa kwenye msumari kando ya tangi. Na mlangoni mama wa Machakos alijiweka mlinzi mwenyewe, mpangaji akija na mkate mkononi anamgeuza pale pale: "Wewe, kula huo hapo nje, umeze, halafu uingie."

Siku ya kufungua shule nilivaa lile vazi langu la harusi za watu. Pikapu ikaja, tangi likarudi, likajazwa, samaki wakamiminwa humo, na watoto wote wakajazana. Mimi nilisimama mlangoni. Mama wa miwani alikuwepo pia, amemleta wake.

Mwalimu akahesabu kwa macho. Nilimwona akifika mwisho na kurudia. "Ni sita," akasema.

Wajina wangu alikuwa ameshika mkanda wa begi kwa mikono miwili. "Ndiyo, mwalimu. Mweusi alikufa. Stima ilienda siku ya mawe."

Mama wa miwani akavuta pumzi. Pumzi ile ilisema, si niliwaambia.

"Alikufa kwa kukosa stima?" mwalimu akauliza.

"Hapana, mwalimu. Alikufa kwa chapati."

Darasa likalipuka. Kicheko kile, hata mwalimu akaweka mkono mdomoni. Na wajina, badala ya kukunjamana jinsi nilivyohofia, akaanza kuwaeleza. Jinsi samaki anavyofungua mdomo si kwa njaa bali kwa hewa, jinsi chakula kinavyooza na kula hewa iliyobaki, jinsi tulivyomimina. Mikono yake ikawa hewani, kikombe kisichokuwepo juu, kikombe kisichokuwepo chini. Watoto walikuwa wameacha kucheka. Mmoja alikuwa ameanza kuinua mikono yake naye, akijaribu.

Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kabatini, akatoa mkebe wa chakula cha samaki, akamwekea mkononi. "Wengine wote hapa," akasema, "wangewalisha."

Hapo wakamvamia. Mimi! Mimi nikusaidie! Tuwape sasa! Msichana wa yule mama wa miwani alikuwa mbele kabisa, mkono tayari umekunjuliwa chini ya mkebe. Wajina akauangalia ule mkono, akawaangalia samaki, akafunga kifuniko.

"Leo hapana," akasema. "Leo wamesafiri. Leo wanapumzika."

"Na kesho?" yule msichana akauliza.

"Kesho njoo mapema," wajina akamwambia. "Utaniletea kikombe."